Utumbo wa Upande wa Mama

Daktari aliniuliza kama kwetu kuna mtu mwingine aliyewahi kuugua tumbo kama langu. Nilifikiri kwa utaratibu, kama ninavyofanya mteja akiniletea cherehani inayoruka mishono: naanza mwanzo, sirukii katikati. Baba, hapana. Baba wakubwa na wadogo, hapana. Mashangazi, babu, watoto wa baba wakubwa, hapana.

"Hakuna," nikamwambia, nikiwa na uhakika kabisa.

Sikudanganya. Baba yangu alikuwa Mngoni, nami nimekulia Songea, na kwa Wangoni mtu ni wa ukoo wa baba yake. Mama alikuwa Myao wa Namasakata, huko Tunduru. Aliolewa huku na kuzikwa huku. Ndugu zake niliwasalimia kwa simu siku za sikukuu. Swali la daktari lilipokuja, hawakunijia akilini hata kidogo.

Nilikuwa nimeugua miaka kadhaa. Tumbo lilinikata upande wa kulia chini, choo kilikuwa na damu, uzito ulipungua hadi mke wangu akanipunguzia suruali zote kwa cherehani yangu mwenyewe. Kila lilipozidi nilikwenda dukani kununua vidonge vya amiba, kama wafanyavyo majirani zangu wote hapa mtaani Lizaboni. Vilinipa nafuu ya siku chache, kisha hali ilirudi ilivyokuwa. Mwishowe nilipimwa kwa kamera. Utumbo ulionekana una vidonda na sehemu moja imeanza kuwa nyembamba.

Daktari, mama mtu mzima asiye na haraka, alinieleza shida yake waziwazi. Vidonda vya namna ile vinaweza kuwa kifua kikuu cha utumbo, au vinaweza kuwa ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utumbo wenyewe. Kwa macho vinafanana. Vipande vya utumbo walivyochukua kupima havikuonyesha kifua kikuu, lakini havikukikanusha pia.

"Nikikupa dawa ya kutuliza kinga, na kumbe ni kifua kikuu, nitakuua," alisema. "Nikikupa dawa za kifua kikuu, na kumbe sicho, tutapoteza miezi, na hiyo sehemu nyembamba haitatusubiri. Itafika kwenye kisu cha upasuaji."

Tukakubaliana kuanza dawa za kifua kikuu wiki iliyofuata. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba tunabahatisha.

Siku tatu baadaye mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, alibisha hodi bila kuitwa. Alikuwa amepata habari kwa watu wa kwenye korosho. Mke wangu alimpokea mzigo, akampa shikamoo na kiti. Hakukaa.

"Mpwa wangu anaumwa, naambiwa na dalali wa korosho!" alisema. "Mimi ndiye mwenye mbumba. Dada zangu na watoto wao wote, mimi ndiye ninayeulizwa. Kwenu Wangoni mtu akiumwa anaambiwa nani? Ng'ombe?"

"Mjomba, kwetu ng'ombe anaambiwa mwisho," mke wangu akajibu. "Kaa kwanza, ndipo utugombeze."

"Au ni hawa panya wenu mnaowachoma ndio wamemtoboa tumbo?"

"Panya wetu anakula mahindi safi shambani. Waulize Wayao wenzako wanaokuja kuwanunua kwa kujifichaficha."

"Astaghfirullah!" mzee alisema, lakini alicheka, akakaa.

Nilimsimulia yote, pamoja na swali la daktari na jibu nililotoa. Aliacha kucheka. Akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, kisha akainua kanzu pembeni kidogo. Upande wa kulia wa tumbo palikuwa na kovu refu.

"Nilikatwa utumbo kabla wewe hujazaliwa," alisema. "Kwanza walinimezesha dawa za kifua kikuu mpaka zikaisha. Hazikusaidia kitu. Baada ya kukatwa nikapona, kisha ikarudi. Mpaka leo inakuja na kuondoka. Mwezi wa Ramadhani nakula nimejificha, kwa sababu nikifunga naanguka. Shangazi yako hapa duniani ndiye peke yake anayejua, na sasa nyinyi."

Alimaanisha mke wake. Mke wangu akasema polepole, "Mjomba, inabidi daktari alisikie hili."

Kesho yake alilisikia. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba maneno yale yana uzito, ila yangekuwa na uzito zaidi kama naye angekubali kupimwa kwa kamera. Akamweleza kamera inapitia wapi. Mjomba ni mtu anayesimamia ndoa na mazishi, na vijana wa kwao hushuka kwenye baiskeli wanapompita. Alivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Mpwa wangu alipitia hapohapo?"

"Hapohapo."

"Basi nileteeni hiyo dawa ya kusafisha tumbo."

Aliinywea kwangu. Mchana ule wote sisi wengine tulitumia choo cha jirani. "Leo choo ni cha Tunduru," mke wangu alitangaza uani, na mzee akamjibu kutoka ndani kwa Kiyao maneno ambayo sikutafsiriwa.

Vidonda vyake vilikuwa kama vyangu. Daktari alisema hiyo pekee si hukumu, lakini pamoja na vipande vyangu, na dawa ambazo kwa mjomba hazikufanya kazi, mizani ilikuwa imeegemea upande mmoja. Akaziacha dawa za kifua kikuu tulizopanga, akanipa za kutuliza kinga. Baada ya wiki chache damu ilikoma. Niliepuka kisu, na hadi leo nimekiepuka.

Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukielewa, nikiwa na kamusi mkononi. Ninavyoelewa ni hivi. Katika cherehani kuna springi ndogo inayokaza uzi. Mashine nyingine hutoka kiwandani na springi kali kidogo. Ukiipa uzi laini, inashona miaka bila shida. Ukiipa uzi wenye mafundo, inakata. Springi ndiyo vinasaba, yaani kile tunachorithi kwa wazazi. Uzi ni bakteria wa tumboni, wengi mno, ambao wengi wao hutusaidia kusaga chakula na kulinda ukuta wa utumbo. Ugonjwa huu hauhitaji kosa la springi peke yake wala la uzi peke yake. Ndiyo maana mama, ambaye huenda ndiye aliyenipitishia springi ile, hakuugua kamwe. Na vidonge nilivyomeza ovyo viliwaua bakteria wema pamoja na wabaya. Sisemi kwamba ndivyo vilivyoniletea ugonjwa. Daktari mwenyewe hasemi hivyo. Nasema havikunisaidia.

Watoto wangu wawili wanaweza kuwa nayo springi ile. Nimewaambia bila kuwatisha. Kurithi si kuhukumiwa, na tumbo likiwasumbua watajua la kumwambia daktari, kwa pande zote mbili.

Mjomba nilijaribu kumshukuru asubuhi alipokuwa anarudi Tunduru. Nilikuwa nimepanga maneno. Alinikatiza kabla sijamaliza sentensi ya kwanza.

"Unanishukuru kama mgeni? Mgeni ndiye anayeshukuriwa."

Siku hizi naye anatumia dawa. Kliniki yetu tumeomba iwe siku moja, hivyo kila baada ya miezi mitatu analala kwangu, anamchokoza mke wangu, na asubuhi tunakwenda pamoja. Kwenye benchi huwaambia wagonjwa wengine kwa sauti kwamba tumbo lake na langu ni la nyumba moja. Muuguzi akiita, yeye huingia kwanza kwa kuwa ni mkubwa, na mimi hubaki nimemshikia kofia.