Dole Gumba la Sauti

Kwa miaka thelathini Grasiana alikuwa mkono wa wasiojua kuandika. Wakata mkonge wa Korogwe walimtamkia barua za kwenda kwao, naye akaziandika vilevile, mapenzi na matusi, kisha mwenye barua akabonyeza dole gumba chini. Hakuna aliyewahi kurudi kulalamika kwamba kaongezewa neno. Kwa hilo tu, Grasiana hutembea kifua mbele mpaka leo.

Siku hizi ana steshenari yake karibu na stendi. Mathias, mhubiri wa Makuyuni, alimpelekea daftari amchapie kitabu.

"Si changu, mama," alisema. "Sauti ya mbinguni ilinitamkia, mimi nimeandika tu."

Grasiana alisoma taratibu. Palipoandikwa "msikilizeni ndugu yenu Mathias", neno ndugu lilikuwa limekatwa, na juu yake pameandikwa nabii.

"Mwanangu, kazi ya kutamkiwa naijua. Anayetamkiwa hajipandishi cheo."

"Ni sauti yenyewe iliyorekebisha."

"Haya." Grasiana akamsogezea pedi ya wino. "Basi mwenye maneno aje aweke dole gumba, kama walivyoweka wenzake wote."

Mathias aliitazama ile pedi, kisha mkono wake. Dole gumba la kuweka pale lilikuwa lake tu.