Gari Moshi Lililoondoka Kabla ya Hotuba

Sikuondoka Unguja kwa kutaka kutembea. Karakana ya Malindi nilimokuwa nikifanya kazi ilipunguza mafundi, nami nikawa mmoja wa waliopunguzwa. Wiki ile ile meli ya mizigo iliyokuja kupakia karafuu ikawa inatafuta mtu wa kutia mafuta mitambo. Nikaaga mke wangu na watu wangu Ng'ambo, nikapanda.

Tulipofika Japani meli ilikuwa mbovu, ikapandishwa chelezoni kutengenezwa. Msimamizi wa mafundi pale alikuwa Bwana Mori, mtu mfupi, mpole, asiyekasirika hata bisibisi ikimwangukia mguuni. Tulizungumza kwa Kiingereza chetu cha bandarini, maneno machache na mikono mingi. Siku moja akaniambia, "Kesho kutwa reli inafika kijijini kwetu. Njoo uone."

Kesho yake saa kumi na mbili za asubuhi tulipanda gari moshi kuelekea kaskazini. Kushoto bahari, kulia mlima, na reli imebanwa katikati kama utepe uliosahauliwa. Mara tunaingia handakini, abiria wote wanafunga madirisha kwa pamoja wasile moshi. Mara tunatoka juu ya daraja na chini yake mawimbi yanapasuka. Kwetu tuliwahi kuwa na gari moshi la Bububu, na wazee bado wanalisimulia, lakini lile lilipita mjini na mashambani kwenye ardhi tambarare. Hawa walikuwa wametoboa majabali. Kila stesheni ndogo niliona wanawake wameanika mwani juu ya mikeka. Bwana Mori aliponiambia kuwa unaliwa, nilicheka. Kwetu mwani tunaukanyaga tu ufukweni.

Njiani alinieleza habari za reli ile. Ilianzwa kabla hajazaliwa, ikasogea ghuba moja baada ya nyingine. Wakati wa vita kipande cha mwisho kilichokwisha kutandikwa, kabla hakijafika kijijini, kiling'olewa, chuma kikachukuliwa, na handaki likabaki ghala la makaa. Vita vilipokwisha wanakijiji waliandika barua mpaka wakachoka, kisha wakaandika tena. Kazi ilipoanza, wanawake walibeba kokoto kwa vikapu mgongoni, mama yake mmojawapo.

Saa sita mchana tulifika mwisho wa safari za kawaida, mji wenye hospitali. Kutoka hapo hadi kijijini tulikwenda kwa miguu juu ya mlima, saa tatu nzima. Kileleni Bwana Mori alisimama, akanionyesha rasi iliyochongoka baharini.

"Pale ndipo mke wangu alipokata roho," akasema. "Ndani ya mashua. Tulikuwa tunampeleka kujifungua."

Nilimshika bega, tukateremka.

Kijijini, mama yake alinipokea kwa kuinama mara tatu, nami nikainama nisijue lini niache. Alinipa wali, samaki wa kuchoma na chai chungu isiyo sukari. Nilipouliza kibla, walijadiliana, wakanielekeza upande wa bahari. Binti yake Kiku, dada yake Bwana Mori, alikuwa na mimba kubwa, akanitilia chai huku akihema. Gari moshi la kwanza lilikuwa limekwisha kuletwa tupu, limesimama stesheni likiwa limefungwa vibendera. Lingeondoka kesho yake saa nne, baada ya hotuba.

Saa moja asubuhi niliamshwa na vishindo. Kiku alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na mkunga, bibi mwenye mikono ya mvuvi, alitoka chumbani uso umembadilika. Bwana Mori alinifasiria, "Mtoto amekaa vibaya. Lazima hospitali." Sote tukatazama baharini. Upepo ulikuwa mkali, hakuna mashua ambayo ingetoka.

Tuling'oa mlango wa chumba, tukamlaza Kiku juu yake. Mimi nikashika upande wa kichwa, Bwana Mori miguuni, mama na mkunga ubavuni, tukaenda mbio mpaka stesheni.

Stesheni masta alikuwa mzee mwenye glavu nyeupe, anapanga viti vya wageni. Bwana Mori alimwambia maneno machache tu. Mzee akatazama saa yake, akamtazama Kiku, akaingia ofisini kupiga simu kuuliza kama njia ni wazi. Alipotoka alichukua mkasi uliowekwa juu ya sinia kwa ajili ya mgeni rasmi, akakata utepe kwa mkono wake. Kisha akampigia filimbi dereva, ambaye moto wa injini alikuwa amekwisha kuuwasha.

Mgeni rasmi alifika mbio kutoka nyumba ya wageni, kofia mkononi, sisi tunaondoka. Nilidhani atapiga kelele. Alisimama wima, akainama mpaka behewa letu likampita.

Handakini palikuwa giza tupu. Nilisikia Kiku akiugua na mkunga akimbembeleza, nami nikasoma dua zote nilizozikumbuka. Mwanga uliporudi, rasi ile ilikuwa nje ya dirisha. Bwana Mori hakuitazama. Alikuwa amemshika dada yake mkono. Mlima uliotutoa jasho saa tatu tuliupita kabla sijamaliza dua.

Alasiri daktari alitoka na habari: wamempasua, mama mzima, mtoto mzima, wa kike. Bwana Mori akakaa kwenye ngazi za hospitali, akalia kwa sauti, na watu wakampisha.

Nilirudi Unguja miezi mitano tangu niondoke, nikamkuta mke wangu, Mwanaidi, kwao Jambiani, ana mimba ambayo nilipoondoka hatukuijua. Niliposimulia safari, wanaume wa pale walitaka kujua gari moshi linakwenda kasi gani. Nikawaambia sijui, na kweli sikujua. Nilichojifunza ni kwamba watu wale walibeba mawe miaka mingi ili siku moja mtu mmoja awahi kufika.

Nikamwambia mama mkwe kwamba nataka kumpeleka Mwanaidi mjini, akae karibu na hospitali kabla siku zake hazijafika. Akanuna.

"Mie nshazaa saba humu humu ndani, mwanangu. Huko mjini ana nani wa kwao?"

"Ana mimi, mama," nikasema, nikamsimulia habari za Kiku, kuanzia mlango mpaka ngazi za hospitali. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza akainuka, akafungua kasha lake, akaanza kukunja kanga: za bintiye kwanza, halafu zake mwenyewe.