Kibuyu Nilichokwenda Nacho Chooni

Miaka ile treni ikiwa bado ngeni Mpanda, nilimwonea mke mwenzangu Zaituni wivu mpaka nikapumbaa. Mume wetu alikunywa maziwa ya ng'ombe wa Zaituni tu. Ya ng'ombe wangu yalikuwa matamu asubuhi, jioni machungu kama shubiri. Nikajua Zaituni ananitilia dawa.

Siku moja nilikamua, nikayatia maziwa kibuyuni, nikakikumbatia kutwa nzima asipate kutia kitu. Hata chooni nilikwenda nacho. Jioni mume wetu akaonja, akatema. Nikapiga yowe: "Zaituni mchawi!" Kijiji kizima cha Kakese kikajaa uani kwetu.

Bwana mifugo, aliyekuwa akikagua ng'ombe kwa jirani, alikuja akampapasa ng'ombe wangu tumboni.

"Mama, huyu anakaribia kuzaa. Homoni za mimba zimebadilika, na kimeng'enya kilichomo ndani ya maziwa kimezidi nguvu, kinavunja mafuta. Yakikaa, yanakuwa machungu. Ulipaswa kuacha kumkamua zamani. Hakuna aliyekwambia ana mimba?"

Nikakificha kibuyu ndani ya kanga.

"Nilimwambia mimi, bwana, mara tatu," Zaituni akajibu taratibu. "Akasema nina wivu."