Picha Pekee ya Dzifa

Jirani yangu hapa mjini Ho, Ghana, Selorm, hufundisha kompyuta kutambua ugonjwa wa kakao kwa picha za majani. Kila picha ina namba za mwanga, sifuri hadi 255, naye huzigawanya kwanza kwa 255 ziwe kati ya sifuri na moja.

Mkewe Dzifa alipofariki, Selorm alitaka kuisafisha picha pekee ya marehemu kwa ajili ya bango la msiba. Kwa mazoea akaigawanya vilevile, akaihifadhi mahali pa ile ya asili. Kompyuta ikakata desimali, namba zikabaki sifuri. Picha ikawa nyeusi tii.

"Mama," Selorm akaniambia, "nimemzika kabla ya maziko."

"Usiseme hivyo, mwanangu. Mungu anaijua sura yake."

"Mungu anaijua. Mtoto wetu ana miezi miwili."

Bango tulilibandika likiwa na jina tu.