Nimeikata Baiskeli ya Marehemu Baba, na Matanga ya Pili Yamekaribia

Wahariri, jina langu lificheni kabisa, maana gazeti hili hata kwetu Kiembeni lafika na ukurasa huu ndio wa kwanza kusomwa. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, sijaoa. Nimepanga chumba Bombolulu, na kazi yangu ni kuchomelea vyuma katika karakana moja huko Changamwe. Kwetu tumebaki mimi na mama tu; baba alituacha mwaka jana. Haya ninayoandika sijamwambia mtu, na nikizidi kukaa nayo yatanitoa roho.

Kuna hoteli moja upande wa Bamburi ambayo kila mwaka huandaa mashindano ya michezo mitatu kwa mpigo: waogelea, watoka majini wapanda baiskeli, washuka wakimbia. Mara ya kwanza niliingia na baiskeli ya kuazima, nikawa wa kumi na tisa. Watu walicheka, nami nikacheka nao, lakini niliumia. Kisha tukatangaziwa kwamba mwaka ujao watatu wa kwanza wataajiriwa hapo hotelini, wafundishe wageni kuogelea. Jamani, mimi nimevuta moshi wa kuchomelea miaka minane na kifua kimeanza kulalamika. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote.

Nikamwendea Mwalimu Bakari, mtu mzima wa Likoni anayetufanyisha mazoezi. Shikamoo yangu hata hakumaliza kuiitikia. "Wewe huogelei, wapigana na maji," aliniambia. "Kichwa wakiinua, ndiyo maana miguu yazama. Tazama chini, pumzi uivute kwa ubavuni." Miezi miwili nilikunywa maji ya chumvi mpaka nikaelewa. Ndipo akaniuliza baiskeli yangu iko wapi.

Hapo nikafanya ujinga. Baba alikuwa akiuza madafu, na baiskeli yake, ile blakmamba ya chuma kizito, ilikuwa imeegemezwa ukutani tangu tulipomzika. Kwetu sisi kitu cha marehemu hakigawanywi wala hakigeuzwi mpaka matanga ya pili. Siku hiyo wazee hukitoa mbele ya watu, mjane akakishika, kisha kikapewa mrithi, na mjane naye akatoka msibani. Nalijua hilo tangu utotoni, sina pa kujitetea. Nilimwambia mama naichukua nikaitie grisi isishike kutu. Akasema, "Ichukue mwanangu, lakini irudi vile alivyoiacha." Nikamwambia haya.

Mwalimu Bakari alinikalisha juu yake, akateremsha uzi wenye nati kutoka gotini mwangu hadi kwenye pedali, akaguna. Baba alikuwa mrefu, mimi nimemfuata mama. "Hii si kimo chako," akasema. "Halafu wakaa wima kama bwana harusi, upepo wote wakupiga kifuani. Yataka ulale juu ya usukani." Hakujua kama ni ya marehemu, na sikumwambia. Nilianza kwa kutoa keria, madigadi na stendi. Nikaugeuza usukani juu chini, kiti nikakisogeza mbele. Haikutosha. Jumamosi moja karakana ikiwa haina mtu nikashika msumeno, nikaikata fremu, nikaifupisha na kuichomelea upya. Vyuma vya keria nilivitia kwenye dirisha la mteja.

Nitasema kweli hata mkinitukana. Ile baiskeli sasa yanikaa kama nimepimiwa na fundi wa nguo. Nikiinama, mgongo umelala na viwiko vimeingia ndani, wenzangu wote nawaacha nyuma. Mwalimu asema nikishika hivi hivi nafasi ya tatu naipata, pengine hata ya pili. Kosa langu nalijua, lakini nikiwa juu yake nasahau kwamba ni kosa, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi.

Mwezi uliopita wazee walimruhusu mama siku moja aje kunitazama mazoezini, akasimama kando ya barabara amejitanda leso nyeusi. Nikasimama mbele yake. Akaipapasa ile baiskeli, akatabasamu. "Nzuri hii. Ni ya mwalimu wenu? Na ile ya babako umeiweka wapi?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe, "Iko Changamwe, mama. Nimeifungia ndani isipate unyevu." Akanishukuru.

Sasa baba mdogo ametangaza siku. Mashindano ni Jumapili, matanga ni Alhamisi inayofuata. Najua mtasema ninunue nyingine kama ile. Baba mdogo aliuza madafu na baba miaka yote. Ataijua kwa kuishika tu. Nikisema kweli, wazee wataahirisha matanga mpaka kosa lisafishwe, na mama atabaki msibani mwaka mwingine, alale chini, asiende hata sokoni, kwa ajili yangu mimi. Nikijitoa mashindanoni, fremu iliyokatwa haitarefuka. Kila nikigeuka nakuta ukuta.

Juzi nilikwenda kumwona mama, akanipa chupa ndogo. Tangu msiba mama hajajipaka mafuta, ni mwiko, na haya ya nazi ameyapika mwenyewe ajipake siku ya kutoka. "Nimeyagawa," akaniambia. "Nusu ni yangu, nusu ni ya baiskeli. Ipanguse ing'ae, babako aone tumemtunzia." Nikaipokea kwa mikono miwili.

Chupa hiyo iko mezani hapa ninapoandika. Nyinyi mliozaa, na nyinyi mliozika, niambieni: Alhamisi hiyo nimpelekee mama nini ashike?