Gusa, Usisukume

Kwa miaka thelathini na mbili Mahfudha alikanda migongo ya watu wa Malindi, na miaka yote hiyo akisikia kwamba kazi yake ni kubembeleza watu tu. Kwa hiyo Daktari Emily alipomjia na utafiti wake, akitaka kujua pingili za uti wa mgongo zikisukumwa hubadilika nini mwilini na kwenye ubongo, alikubali kabla chai haijapoa.

Mgonjwa huvishwa kofia ya nyaya, akalazwa kifudifudi. Mahfudha hufungua bahasha. Ikisema sukuma, husukuma pingili mpaka ilie. Ikisema gusa, huweka mikono tu, akahesabu ishirini, akaiondoa. Wagonjwa walielezwa yote wakatia sahihi, ila hakuna aliyejua lipi limemwangukia.

Huko kugusa ndiko kulikomchosha. Kusukuma kutwa nzima hakujapata kumwumiza mabega namna ile.

Mgonjwa wa mwisho, wa arubaini, alikuwa Gona, mkwezi wa minazi kutoka Magarini. Bahasha ikasema gusa. Emily alikuwa chumba cha pili, macho kwenye kompyuta.

"Mayo, mama yangu, mbona mikono imelala?" Gona akauliza, uso kwenye mto wa kulalia. "Au nayo imefunga saumu?"

"Nyamaza, utaharibu kipimo."

"Mimi nanyamaza. Mgongo ndio haunyamazi."

Chini ya vidole Mahfudha aliihisi: pingili ya nne kutoka chini, imekaa upande. Hajapata kumwacha mtu ainuke kitandani na kitu kama kile. Alipofika kumi na saba, kiganja kikasukuma. Ko! Gona akashusha pumzi ndefu.

Gona alipokwenda zake, Emily aliingia akicheka. "Bi Mahfudha, huyu wa kuguswa tu, na mawimbi ya ubongo yamebadilika!"

Angeweza kunyamaza. Lakini hapo utafiti ungesema kugusa na kusukuma ni mamoja, na yeye ndiye shahidi.

"Nilimsukuma," akasema.

Emily akaketi taratibu. "Ni huyu peke yake?"

Mahfudha aliitazama mikono yake. Wiki kumi na moja za utafiti zikamlemea kwa pamoja.

"Sina hakika, mwanangu. Kuna siku nilikuwa nimechoka."

"Basi tuanze upya."

"Anza na mkandaji mwingine. Mimi mtu akiumia siwezi kumgusa hivihivi."

"Nitampata wapi?"

Mahfudha alikuwa ameshaanza kukunja shuka.