Gobore Lisilo na Mwenyewe

Siku ile naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka harusi yangu, mwanangu, kwa hiyo kaa hapo unisikilize. Marahaba. Sasa usinikunjie uso. Asubuhi hii nimekwenda stoo kuchota mtama, nyuma ya magunia ya alizeti nikakuta gobore limefungwa kwenye turubai. Nakuuliza, unanijibu, "Nimeazimwa tu, bibi, kwa ajili ya nyani."

Umeazimwa! Neno hilo hilo nililisikia nikiwa msichana hapa hapa Issuna, na mtu alikufa.

Zamani kitongoji chetu kilikuwa na gobore moja, bunduki ya kienyeji, ya kushindilia baruti na vipande vya chuma. Aliyeitengeneza hatajwi. Mtama ukianza kukomaa, nguruwe pori na nyani wakashuka kutoka vilimani, gobore lilizunguka nyumba kwa nyumba kwa zamu, kama watu wanavyoazimana kinu. Wanawake walilibeba ndani ya mzigo wa kuni ili mgeni asilione. Ukiuliza ni la nani, unaambiwa ni la majirani.

Msimu ule lilikuwa kwa baba yangu. Akaja Ntandu, kijana wa nyumba ya pili, akasema zamu yao imefika, wanyama wanawamaliza. Baba akampa, na baruti akamwongezea. Shamba la kina Ntandu lilikuwa upande wa mlimani. Ntandu akashika njia ya barabarani, baba akamwona, akanyamaza. Alisema baadaye kwamba hakutaka kuonekana mchoyo. Mchoyo! Mpaka leo neno hilo sijalisamehe.

Siku ya mnada, mchana kweupe, Ntandu alimvizia mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa anarudi kwao Unyambwa kwa baiskeli. Akampiga kifuani, akamkomba fedha zake. Mchuuzi yule aliitwa Jumanne. Alizoea kupita kwetu kuomba maji ya kunywa, na mama zetu wote aliwaita shemeji.

Polisi walipokuja kuuliza bunduki ni ya nani, kila nyumba ilisema si yetu. Na hawakudanganya sana, ndicho kinachoniudhi. Wazee wakakutana, wakaamua mambo yaishe kinyumbani: kila nyumba ichangie, ng'ombe wapelekwe kwa mjane, Ntandu aende kwa wajomba zake mbali mpaka mambo yapoe. Wakapeana mikono. Walijiona wametenda haki.

Mjane akaitwa aje kupokea. Jina lake Mwajuma, binti mdogo tu, mtoto mgongoni. Wakamwonyesha ng'ombe, wakamwambia achague na mtamba mzuri juu yake. Hata hakuwatazama.

"Sikufuata ng'ombe," akasema. "Nimekuja kuuliza ni nani aliyempa bunduki."

Mzee mmoja akasema, "Mama, aliyeua tunamjua. Lakini gobore lenyewe halina mwenyewe."

Hapo bibi yangu mzaa baba akasimama, na wanawake hawakuruhusiwa kusema katika kikao kile. "Linao wenyewe," akasema. "Mimi mmoja wao, lilikaa kwangu." Akawataja nyumba kwa nyumba, majina yao na ya baba zao, kila mtu aliyewahi kulilaza ndani. Mwisho akasema, "Kisha likaenda kwa mwanangu huyu, naye ndiye aliyempa Ntandu." Baba alikuwa ameketi pale pale. Bibi akamshika Mwajuma mkono, wakaenda kituo cha polisi.

Ntandu alifuatwa huko kwa wajomba zake, akafungwa maisha, na baba akafungwa kwa kumiliki silaha bila kibali na kumpa muuaji. Bibi naye walimshikilia, wakamwachia kwa uzee wake. Ukoo ukamsusa. Wakasema amemuuza mwanawe. Hakuna aliyemtekea maji wala kumpa moto wa jikoni, na mimi nilimchukia kuliko wote. Siku moja nikakataa ugali aliousonga, nikakaa nalia. Hakunibembeleza. Akaniambia, "Wewe baba yako utamwona akitoka. Mtoto wa Mwajuma wa kwake atamwona lini?"

Nikanawa mikono, nikala.

Sasa mwanangu, mnaniudhi ninyi wa leo. Mnasema anayeua ndiye afungwe, wengine wanahusikaje? Juzi kijana wa bodaboda amepigwa risasi kule Mandewa, ukaweka picha yake kwenye simu yako, ukaandika wauaji wanyongwe. Uliandika maneno hayo huku gobore liko nyuma ya magunia yangu! Na mwenyekiti wenu naye analia msibani, wakati anajua kila nyumba yenye silaha na anakunywa pombe na wenyewe. Mnataka mtu mmoja abebe mzigo wote ili ninyi mlale usingizi. Aliyeua afungwe, ndiyo, na afungwe hasa. Lakini aliyempa, aliyemfichia na aliyemwona akanyamaza, hao nao wana kesi, hata kama hakimu hajawaita.

Anayetaka bunduki ya kulinda shamba akaombe kibali, jina lake liandikwe, likitokea jambo ajulikane. Asiyetaka kuandikwa jina, jiulize ana mpango gani. Usiazime silaha, usiazimishe, usimtunzie mtu hata awe rafiki wa kufa na kuzikana. Nyani wamekula mtama wetu miaka yote na bado tunakula.

Gari la matangazo limepita jana, umelisikia kama mimi: atakayesalimisha silaha kwa hiari hashtakiwi, na muda unaisha leo. Basi nenda ofisini kwa mtendaji sasa hivi, umwambie aje na askari walichukue hapa stoo. Akikuuliza nani amekupa, mtaje. Rafiki zako watakununia na watakuita msaliti, najua, nimeyaona yakimpata bibi yangu. Mungu akutangulie, akupe ulimi usiotetemeka mbele ya watu, akujalie watoto watakaokuzika wewe na si wewe kuwazika. Lakini jua likifika juu ya lile bati hujaondoka, nachukua fimbo yangu nakwenda mwenyewe, na jina la kwanza nitakalomtajia mtendaji ni lako. Nitalitaja huku nakuombea.